Maisha ya Wifi Yangu Masizi, Aliyeotesha Nywele Juu ya Jiwe

Ndugu, jamaa, majirani, viongozi wa taasisi na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutusaidia kumsindikiza mpendwa wetu, familia inawasalimu, na kabla sijaanza naomba mkunje zile karatasi nzuri za rangi mlizogawiwa mlangoni, kwa sababu nitakayoyasoma siyo yote yaliyomo humo. Karatasi hizo zimechapishwa na taasisi aliyofanyia kazi marehemu, walijitolea wenyewe, nasi tukawapa historia kama ilivyoandikwa na familia, ikarudi jana ikiwa na picha iliyong'arishwa, maua pembeni, na aya za katikati hazimo. Mimi nitasoma hii ya kwetu, imeandikwa kwa mkono na ina doa la mafuta ya cherehani kwenye kona, lakini imekamilika.

Mimi ni wifi yake, mshonaji, dada wa mume wake, na nimepewa kazi hii kwa kuwa kaka yangu alisema wazi kwamba akishika kipaza sauti atatukana, na watoto wao wakasema watalia. Mimi nimeshalia nikamaliza, na hayo matusi nitajitahidi kuyazuia.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Agosti 1960, katika chumba cha nyuma cha banda la kutengenezea baiskeli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi baiskeli na mkewe, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Nyumba ile ilikuwa na grisi kila mahali, kwenye vitasa, kwenye mito, hata kwenye sabuni yenyewe, na mama yake alikuwa akituhadithia kwamba mtoto huyu alianza kufuta vitu kabla hajaanza kutembea, anakaa sakafuni na kitambaa chake, anasugua spoku moja mpaka iwake, kisha anaanza nyingine. Tabia hiyo hakuiacha ukubwani, maana alipoletwa kwetu kama mke niliosha vyombo kumkaribisha, naye akaviosha tena mbele ya macho yangu, bila hata kuona haya, tukanuniana muda mrefu. Nawaeleza hili ili mjue tunamzika mtu wa namna gani, kwa sababu baadaye walikuja watu wakasema kazi yake ilikuwa chafu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967 na kumaliza mwaka 1973, akaenda sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia mwaka 1974 hadi 1979, na huko ndiko alikopenda kemia, si kwa sababu ya mwalimu, kwani mwalimu mwenyewe alikuwa msinziaji, bali kwa sababu maabara ndicho chumba pekee shuleni kilichokuwa na bomba lenye maji siku zote. Mwaka 1980 alijiunga na chuo kikuu, akahitimu mwaka 1983, akafundisha sekondari miaka michache, na mwaka 1988 akapata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamivu, ambayo aliipata mwaka 1992. Walimwomba abaki huko, akakataa, akarudi na masanduku mawili, moja la nguo na jingine la mabomba ya kioo kigumu yaliyofungwa ndani ya masweta, na ofisa wa forodha alipomuuliza anafanya biashara gani, alimjibu kwamba bado hajajua, lakini itakuwa ya moto.

Mwezi Machi 1993 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa madini, akapewa chumba cha chini karibu na vyoo, chenye dirisha lisilofunga na meza iliyokuwa na mguu mmoja wa matofali, na katikati ya chumba hicho akaweka tanuri lake, bomba refu lililolala ubavu, limezungukwa na nyaya zinazopata moto mpaka zinakuwa nyekundu. Nyaya hizo ziliungua mwaka ule ule, akaitwa fundi umeme, na fundi huyo ni kaka yangu, ambaye alilitengeneza tanuri kwa muda ambao fundi yeyote mwenye akili zake angetengeneza matanuri sita. Aliporudi nyumbani na kuanza kupiga pasi shati la kuendea kazini, sisi tukajua. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1994, bibi harusi akiwa na miaka thelathini na minne, watu walishakata tamaa naye, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti yao aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1996, ambaye sasa ni mfamasia, na kijana wao aliyezaliwa tarehe 28 Januari 1999, ambaye ni mchomeleaji vyuma. Ndoa hiyo ilidumu mpaka kifo kilipowatenganisha, na kama kulikuwa na ugomvi ndani yake basi ulikuwa wa viatu kuingizwa sebuleni.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo karatasi zenu zinaporuka. Kazi ya wifi yangu ilikuwa kukuza vijibomba vya kaboni, yaani kitu kile kile kilichomo kwenye mkaa, ila kimejikunja kikawa mirija myembamba mno, hivi kwamba maelfu yake yakifungwa pamoja hayafikii unene wa unywele mmoja, na bado ni imara kuliko chuma, tena inapitisha umeme, ukiichanganya kwenye plastiki, kwenye rangi au kwenye saruji vinapata nguvu ambayo havikuwa nayo. Mirija hiyo haioti hewani, inahitaji punje ndogo za chuma za kuotea, na wenzetu wenye uwezo walikuwa wakinunua chuma kilichosafishwa na kukipaka juu ya vibao safi kwa gharama kubwa. Wifi yangu akasema, mbona kuna mawe ambayo Mungu ameshayatia chuma, kimetawanyika humo kwa punje ndogo ambazo hakuna mashine inayoweza kuzipanga vile, basi tuyatwange tu, tusiyaguse, tuyatie kwenye tanuri, tupitishe gesi ile ile ya kuchomelea vyuma. Akatafuta mawe mengi, mengine hayakuzaa kitu, mpaka akapata jiwe la rangi ya kutu, kokoto za kawaida tu zilizoletwa kwa lori kujengea uzio wa taasisi, nalo ndilo lililokubali.

Ilikuwa mwezi Juni 2004. Alipiga simu dukani kwangu, maana kaka yangu alikuwa juu ya nguzo mahali fulani, akaniambia, "Wifi, acha hiyo nguo, njoo uone, jiwe limeota nywele." Nilikwenda na sindano bado iko kwenye kola, nikaona kisahani cha kauri kimejaa kitu cheusi, kimetuna na kulainika kama manyoya ya paka, nikamwambia, "Haya si masizi haya?" Akacheka mpaka akashika meza, akasema, ndiyo, ni masizi, lakini ni masizi yaliyosoma. Jina likamganda kuanzia siku hiyo, wenzake wakamwita Mama Masizi, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kumcheka, naye aliwaitikia wote kwa sauti ile ile.

Alifanya tena na tena, ikakubali kila mara, akaandika, ikachapishwa, na siku ya Jumatano, tarehe 21 Februari 2007, wakaja wageni wa kamati ya sayansi kuona kwa macho yao, ili kazi ile ipewe jengo na watu. Mkuu wa idara wakati huo alikuwa kijana kuliko marehemu, mwenye tai nzuri na maneno matamu, na siku mbili kabla ya ugeni alipita maabara akaona chupa yenye jiwe lililotwangwa, jekundu, kama vumbi la barabarani, akaona aibu. Akamwambia fundi wa maabara, "Lioshe hilo, wageni watadhani tunapika tope." Mnapaswa kujua kwamba katika jengo lile kila jiwe huoshwa kwa tindikali kabla ya kupimwa, ni jambo la kwanza analofundishwa mgeni wa kazi, kama sisi washonaji tunavyofundishwa kuvaa tondoo kidoleni sindano isitudunge, na kwamba marehemu aliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo yake kuwa hili lisioshwe, mkuu akayatia saini maelezo hayo bila kuyasoma. Fundi akaosha kwa tindikali ya moto kama alivyozoea, chuma chote kikaondoka na maji, jiwe likatoka jeupe kama unga, na kila aliyeliona akalisifu.

Asubuhi ya siku yenyewe marehemu alitumwa getini kupokea wageni, na kwa kuwa mkuu hakutaka wasubiri, akaamuru kisahani kiingizwe mapema, kwa hiyo marehemu aliporudi alikuta bomba limeshafungwa na moto unapanda, akasimama pembeni na kuanza kuwaeleza wageni kwa furaha watakachokiona. Mchana tanuri likafunguliwa. Unga ulikuwa mweupe vile vile ulivyoingia, hakuna hata unywele mmoja, na marehemu akauangalia, akauchukua kwa kidole, akasema kwa sauti ambayo kila aliyekuwemo aliisikia, "Jiwe hili limeoshwa."

Mkuu wa idara akajibu papo hapo, "Hapa hakuna aliyegusa jiwe lako."

Fundi wa maabara alikuwa amesimama karibu na sinki, akaangalia viatu vyake. Marehemu aliomba alete jiwe bichi arudie, akaambiwa wageni wana ndege ya jioni, na mgeni mmoja mtu mzima akamshika bega, akamwambia kwa upole kwamba haya hutokea, mtu akikipenda kitu sana huweza kukiona hata pale ambapo hakipo. Alituambia baadaye kwamba afadhali angempiga kofi. Kisha wageni wakauliza, kama jiwe hili halizai, ile mirija ya mwanzo ilitoka wapi, na mkuu, ambaye bila shaka wakati huo ameshaelewa alichokifanya, maana si mjinga, akajitia hamnazo na kusema, "Labda aliongeza chuma."

Aliongeza chuma. Maneno mawili tu, na wifi yangu akawa mwongo. Katika kazi yao kuambiwa umeongeza kitu kwenye sampuli ni sawa na mimi kuambiwa ninaiba vitambaa vya wateja, hakuna atakayekuletea tena hata kifungo, na ndivyo ilivyokuwa, makala yake yakaondolewa, mialiko ikakauka, wanafunzi wakahamishwa mmoja mmoja, na yeye akashushwa kwenye ghala la sampuli, kubandika lebo kwenye mawe ya watu wengine. Aliomba kulitumia tanuri walau mara moja, la kwake mwenyewe, akaambiwa lina foleni, na foleni hiyo haikuisha mpaka alipostaafu.

Jumapili iliyofuata fundi wa maabara alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi, akasema kila kitu huku analia, kwamba ni yeye aliyeosha, ni nani aliyemwagiza, na kwamba ameshaitwa ofisini na kukumbushwa ana watoto wanne. Kaka yangu alisimama kutafuta viatu vyake, aende huko kwa mkuu usiku au mchana, na marehemu akamzuia. Alisema, "Sitaki ukapigane. Nataka aseme mwenyewe, mbele za watu, kwamba jiwe lilioshwa. Basi." Akampa fundi maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka mlangoni, kisha akarudi kulifuta kochi.

Hicho ndicho alichokitaka, na hakuwahi kutaka kingine, si cheo, si fidia, sentensi moja tu yenye maneno mawili. Kila alipokutana na mkuu huyo kwenye korido alimuuliza, "Utasema lini?" Na mkuu alicheka, akisema, "Mama Masizi na wewe, bado tu?" Miaka ikapita, mkuu akapanda, akawa naibu, akawa mkurugenzi, na mkurugenzi huyo ndiye aliyekaa pale safu ya mbele, simtaji kwa jina maana mnamfahamu, na leo amevaa tai nyeusi.

Kisha watu wa mbali, ambao hawakumjua wala hawana kosa, nao wakagundua kwamba mawe ya asili yenye chuma huzaa mirija bila kuongezwa kitu, wakaandika, dunia ikashangilia, na taasisi yetu ikapata fedha za kujenga jengo jipya lenye vioo kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, na kwa kokoto zile zile za kutu. Marehemu alistaafu tarehe 9 Agosti 2020, siku aliyotimiza miaka sitini, wakampa saa ya ukutani na wakamtembeza kwenye jengo jipya kama mgeni. Mimi nilikuwa naye siku hiyo. Ukutani, juu ya sinki, kulikuwa na bango kubwa la herufi nyekundu lililoandikwa JIWE LISIOSHWE, na chini yake saini ya mkurugenzi. Alisimama akalisoma muda mrefu, halafu akacheka, na sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile, naomba nisikisikie tena maishani mwangu.

Mwezi Mei 2023 alianza kusikia maumivu ya tumbo na kupungua mwili, akapimwa na kukutwa na saratani ya kongosho ambayo ilikuwa imeshaenea, madaktari wakatueleza ukweli bila kuuma maneno, nasi tunawaheshimu kwa hilo. Alitibiwa kwa dawa, akapata nafuu, akazidiwa tena, akalazwa kwa mara ya mwisho mwezi Septemba mwaka huu, na alipokuwa wodini mkurugenzi alikuja kumwona na kikapu cha matunda na mpiga picha wa jarida la taasisi. Marehemu alikuwa hawezi tena kukaa, lakini alimwita asogee karibu, akamuuliza, "Utasema lini?" Mkurugenzi akamwambia, "Mama, hayo ya zamani tuyaache, wewe pona kwanza." Picha ilishapigwa. Marehemu akaomba matunda apelekewe mgonjwa wa kitanda cha pili, na kikapu kioshwe kabla hakijarudishwa, hata katika hali ile.

Alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 2 Oktoba 2024, saa nane mchana, mume wake akiwa ameshika miguu yake na binti yake akiwa kichwani, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, na ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na wifi ambaye hana tena wa kugombana naye jikoni.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kubadilisha mashuka hata pale ambapo hayakuwa yamechafuka, kwa sababu alimwelewa mgonjwa wake. Tunawashukuru majirani waliotupikia na kutuazima viti, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa ghala la sampuli ambao hawakuwahi kumuita mwongo hata siku moja, na tunaishukuru taasisi kwa jeneza, kwa gari, na kwa lile shada kubwa lenye utepe ulioandikwa "Mwanzilishi", ingawa mtatuwia radhi, familia inakijua kilemba cha ukoka ikikiona, na shada hilo tumeliweka pembeni.

Tunamshukuru pia fundi wa maabara, mzee sasa, amestaafu mwaka huu, amekaa kule nyuma karibu na mlango. Jana alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi lile lile, akasema, "Andikeni. Mikono iliyoosha ni yangu, na aliyeniagiza ni yule." Fundi, umesema, na tunakushukuru kutoka moyoni, ila tusidanganyane, umechelewa, alitaka kuisikia sauti yako mbele za watu na sasa hasikii, na mimi bado sijaweza kukusamehe, naomba univumilie.

Ratiba mliyonayo inaonyesha kwamba anayefuata kusema ni mkurugenzi. Kaka yangu alitaka jina hilo likatwe, watoto wakakubaliana naye, na ni mimi niliyekataa, kwa sababu marehemu aliniita wiki yake ya mwisho akaniambia, "Wifi, akija msibani mpeni kipaza sauti, msimnyime." Kwa hiyo hatumnyimi. Mkurugenzi, kipaza sauti ni hiki, nakiacha hapa juu ya meza, na hatuhitaji wasifu, hatuhitaji ahadi ya kuliita jengo kwa jina lake, tunahitaji ile sentensi. Kama umekuja nayo, simama uiseme, mume wake anasikia na watoto wake wanasikia. Kama hukuja nayo, basi kaa hapo ulipokaa, nasi tutambeba mtu wetu tuondoke.

Wifi yangu, Masizi wetu, nenda ukapumzike, umechoka, na Mungu akupe amani uliyonyimwa hapa. Hukuongeza kitu.